Maji Ambayo Sikuyameza

Naambiwa uso wangu unajulikana katika nyumba nyingi za Uchina, nchi ambayo sijaikanyaga na sitaikanyaga. Wazazi wenye watoto wanaokaribia kumaliza sekondari huonyeshwa video yangu na wakala anayewatafutia vyuo vikuu vya ng'ambo. Katika video hiyo nimevaa koti la marehemu kaka yangu, nimeshika kata ya kibuyu, nachota maji ya kisima kipya, nayatia mdomoni na kuyapuliza hewani kuelekea mawio ya jua. Nyuma yangu akina mama wanapiga vigelegele. Kando yangu amesimama binti wa Kichina aliyefunga kitenge, anatabasamu. Wakala huwaambia wazazi kwamba mtoto wao naye anaweza kuwa na hadithi kama hii.

Ni video nzuri. Nimeitazama mara nyingi kuliko inavyofaa, na kila nikiitazama naangalia shingo yangu. Kikoromeo hakipandi wala hakishuki.

Nilisoma hadi kidato cha nne mjini Shinyanga, na sehemu kubwa ya maisha yangu nilikuwa karani wa mizigo katika bandari kavu ya Isaka. Kiingereza nilikipata kwa mwalimu mwenye fimbo, kikaja kunyooshwa na makaratasi ya makontena na madereva wa nchi jirani waliopenda kubishana. Nilipostaafu, mke wangu akiwa ameshatangulia, mwanangu alinichukua nikaishi kwake upande wa Nyarugusu, alikokuwa akichimba dhahabu kwenye maduara, yale mashimo marefu ya wachimbaji wadogo. Alikuwa akishinda machimboni wiki nzima. Nyumbani tulibaki mimi, mkewe na mbuzi.

Nawataja mbuzi kwa sababu ndio waliotusaidia kuzungumza. Kwetu Wasukuma mke wa mwanao humtazami usoni, wala yeye hakutazami, na jambo linalohusu mwili wake halitamkwi mbele yako. Vijana wa mjini wamelegeza, lakini mkwe wangu alilelewa na bibi yake na aliishika mila kwa mikono miwili. Basi nikitaka chai nilikaa barazani nikamwambia mbuzi aliye karibu, "Wewe mbuzi, sijui kama moto umewashwa." Sauti ilijibu kutoka jikoni, "Mbuzi apunguze haraka, maji yanachemka." Tuliishi hivyo kwa amani. Tulicheka hivyo pia, kila mtu upande wake wa ukuta. Walikuwa wamekaa miaka mingi bila kupata mtoto, na hilo nalo lilikuwa jambo ambalo hata mbuzi hawakuambiwa.

Ng'ambo ya korongo palikuwa na plenti ya kuchenjua marudio, yaani mchanga ambao wachimbaji wadogo wameshauosha na kutoa dhahabu ya juu juu, ukabaki na ile iliyojificha. Mchanga huo hulowekwa kwenye matangi kwa sumu kali inayoyeyusha dhahabu. Huku kwetu sumu hiyo kila mtu huiita dawa. Dhahabu ikishatoka, tope linalobaki humwagwa bwawani, nyuma ya ukuta wa udongo. Mwenye plenti alikuwa Mchina wa makamo, mwembamba, asiyependa kelele. Tulimwita Bosi.

Siku moja Bosi alinikuta dukani nikisoma maandishi ya Kiingereza kwenye mfuko wa mbolea. Akasimama, akasikiliza.

"Mzee, wewe soma shule?"

"Nilisoma, Bosi."

"Binti yangu kuja. Wewe ongea na yeye Kingereza. Kila siku. Ongea tu."

Wabebaji wa mchanga walinitania mpaka nikaona haya. "Babu umepata kazi ya mdomo! Sisi tunabeba marudio, wewe unabeba maneno!" Mwingine akasema, "Muulize kama anahitaji na mtu wa kulala Kingereza, mimi nipo." Nilicheka nao. Moyoni nilikuwa nimevimba. Tangu Isaka hakuna mtu aliyekuwa amehitaji kitu nilichokuwa nacho kichwani.

Binti alikuwa ameacha shule ya kwao kabla ya ule mtihani mkubwa unaoamua maisha ya watoto wa Uchina, kwa sababu baba yake alishaamua atasoma ng'ambo. Alikuja kukaa mwaka mzima kwenye nyumba ya mabati ndani ya uzio wa plenti, akijiandaa. Kila asubuhi tulikaa kwenye kibaraza chao, mimi na kikombe cha chai ya majani makubwa, yeye na vitabu vyake. Alikuwa mpole na mwenye macho ya kuuliza. Aliniita Babu tangu siku ya kwanza, baada ya kusikia watu wote wakiniita hivyo, na aliposhika shikamoo hakuiacha tena.

Kupitia yeye nilijifunza biashara ambayo sikujua kuwa ipo. Kila wiki wakala, mwanamke mwenye sauti ya haraka, alipiga simu ya video kutoka Uchina, na akishakata binti alinieleza.

"Babu, zamani ilitosha kuwa na alama nzuri. Sasa kila mtu ana alama nzuri."

"Basi mngeongeza kitu kingine."

"Waliongeza piano. Sasa kila mtu ana piano."

Nilicheka. "Ni kama mnadani. Ng'ombe wote wakiwa wanono, mnunuzi anatafuta mwenye baka."

Akafikiri kidogo. "Mimi sina baka, Babu."

Nikamuuliza wakala analipwa na nani. Akasema analipwa na baba yake, na chuo kikimpokea mwanafunzi nacho kinamlipa. Nikamwambia kwamba kwetu dalali akilipwa na muuzaji na mnunuzi kwa pamoja, watu hawasikilizi mdomo wake. Wanainama wenyewe kukagua kwato. Alilipenda hilo, akalirudia kwa baba yake kwa Kichina. Bosi alinitazama bila kucheka.

Mwanzoni safari ilikuwa ya Marekani. Halafu wakala akaanza kusema kwamba milango ya viza huko imekuwa mizito na wazazi wanaogopa, kwamba familia nyingi za mji wao zimegeukia Uingereza, na nyingine zinawapeleka watoto karibu, Singapore au Hong Kong, ambako mzazi akiitwa anafika haraka. Wapo waliokuwa wameacha kabisa mpango wa ng'ambo, maana watoto wa jirani walirudi na vyeti vyao wakakaa sebuleni bila kazi. Kila wiki nchi ilibadilika, na kila ilipobadilika niliona Bosi akizunguka matangi yake kwa kasi zaidi. Malori ya marudio yaliongezeka. Tope liliongezeka bwawani. Ukuta wa udongo ukapandishwa, ukapandishwa tena, kwa udongo uleule wa pale pale.

Jioni moja alikuja kukaa nasi kibarazani, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. "Mimi kijana nimekula vumbi," akasema, na binti akanitafsiria yaliyobaki. Alikuwa fundi wa mgodi kwao tangu hajaota ndevu. Alitaka mtoto wake afanye kazi mahali penye vioo. Sikumchukia siku ile, na leo pia simchukii. Mimi pia nilimsomesha wangu nisitake ashuke shimoni, na akashuka.

Wakala ndiye aliyeliona baka. Alikuwa akizungumza na binti kwenye simu, nyuma yake wanawake wanaoponda mawe wakipita na ndoo vichwani, kutoka kwenye chemchemi ya mlimani. Akauliza wale ni nani na wanatoka wapi. Kisha, binti akaniambia, sauti ikabadilika, kama mtu aliyeona punje ikimeta kwenye karai. Vyuo vya siku hizi, alisema, vinamtafuta mtoto aliyewafanyia wengine jambo, na wewe umekaa juu ya hadithi hiyo na kuikalia kimya. Chimba kisima. Kiwe chako. Uandike insha juu yake, tupate na video, na mzee wa kijiji aseme neno.

"Ni jambo jema," nikamwambia binti, na nilimaanisha.

"Ni jambo jema," akakubali. "Lakini angesema hivyo kama ningekuwa naenda chuo cha Uchina?"

Nikanywa chai.

Gari la kuchimbia visima lilikuja kutoka mjini. Wakala alitaka pawe mahali ambapo kamera itaona nyumba za nyasi na mlima, isione plenti. Fundi wa gari alitaka pawe tambarare. Bosi alitaka kazi iishe upesi. Matakwa ya wote watatu yalikutana mahali pamoja, bondeni chini ya plenti, ambako maji hayako mbali. Tulisimama pale, binti akageuka kwangu.

"Babu, hapa ni pazuri?"

Mimi ni mtoto wa mfugaji. Maji ya chini ya ardhi hufuata mteremko kama ng'ombe wanaorudi zizini, na hilo sikuhitaji shule kulijua. Niligeuza shingo nikauona ukuta wa bwawa juu yetu. Chini yake udongo ulikuwa na unyevu hata wakati wa kiangazi. Njiwa waliokunywa pembeni ya bwawa walikuwa wakiokotwa asubuhi na kutiwa kwenye kiroba kabla wageni hawajaja, na mimi niliwahi kuona kiroba hicho. Nikageuza shingo upande wa pili, nikaona bati la mwanangu likimeta, karibu kabisa. Mkwe wangu asingepanda tena mlima. Na Bosi alikuwa ananitazama, na binti alikuwa ananitazama, na mimi ndiye mzee aliyesoma.

"Pazuri," nikasema.

Siku ya uzinduzi ilikuja na turubai, soda na mpiga picha kutoka Mwanza. Wakala alikuwa anatazama kwa simu iliyoshikwa juu ya kijiti. Mimi nilikuwa nimepewa jukumu ambalo hata bila kamera lingekuwa langu. Kwetu maji mapya hayanywewi kabla mdomo wa mzee haujayagusa. Mzee huyachota, huyatia kinywani, akayapuliza kwa baraka, ndipo wenye nyumba wakatia ndoo zao.

"Mwangaluka, guku!" akina mama waliniamkia kwa Kisukuma, wakiniita babu. "Leo umevaa kama bwana harusi!"

"Bwana harusi asiye na meno!"

"Meno ya nini? Maji hayatafunwi!"

Nikachota. Nikatia mdomoni. Yalikuwa ya baridi, na yalikuwa na ladha ya msumari, ile anayoipata fundi seremala akiwa ameshika misumari kwa midomo. Nikayapuliza yote, mpaka tone la mwisho, nikasema maneno ya baba zangu ya kuomba uzazi na afya. Vigelegele vikapaa. Hakuna aliyeona kitu, kwa sababu hapakuwa na cha kuona. Mila yenyewe ilinipa mahali pa kuyatema.

Tangu siku hiyo kisima kilikuwa na foleni. Binti aliandika insha yake, nami nilimsahihishia Kiingereza, na ilikuwa insha nzuri yenye huruma ya kweli. Vyura waliokuwa wakilia bondeni walinyamaza msimu ule. Mbuzi wetu, wakipewa maji yale kwenye karai, walinusa, wakarudi nyuma, wakaenda kunywa ya dimbwi la mvua. Nilikaa barazani nikiwatazama wakifanya hivyo kila siku, na nikaona siwezi tena kujidanganya kwamba mimi ni mzee mwoga tu.

Nikamwambia mbuzi. Ndiyo njia niliyokuwa nayo, au ndivyo nilivyojiambia.

"Wewe mbuzi," nikasema kwa sauti ya kusikika jikoni, "hayo maji ya kisima kipya usiyanywe. Yaache."

Sauti ikajibu, "Mbuzi amesikia. Lakini mbuzi anauliza, si ndiyo maji yaliyopulizwa na mzee?"

"Ndiyo hayo."

"Basi mbuzi anauliza tena. Chemchemi iko mlimani, na mbuzi siku hizi amekuwa mzito. Mzee anataka apande?"

Ilinichukua muda kuelewa. Nilipoelewa nilishika ukingo wa kiti. Baada ya miaka yote ile, mkwe wangu alikuwa ameniambia kwamba ana mimba, na alikuwa amenichagua mimi, kwa mdomo wa mbuzi, wakati mume wake bado yuko shimoni. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Mtu mwingine angeinuka pale pale, angeingia jikoni, angevunja mila na kumwambia usoni kwamba nilitema. Mimi nilikaa. Nilifikiria aibu yake na aibu yangu, na kijiji kizima kinachoteka maji kwa ahadi ya mdomo wangu, na kibaraza cha Bosi ambako naitwa mwalimu.

"Mbuzi apumzike," nikasema.

"Wabeja, baba," ikajibu sauti. Asante. Nilisikia tabasamu ndani yake.

Mwanangu aliporudi nilimwambia maji yale wayachemshe. Nilijua kuchemsha hakuondoi dawa. Nilisema ili niwe nimesema.

Barua ya kukubaliwa kwa binti ilitoka chuo kimoja cha Uingereza. Bosi alichinja mbuzi watatu, akalewa kidogo, akaimba peke yake karibu na matangi. Siku chache baadaye tulikaa kwa somo la mwisho. Binti hakufungua kitabu.

"Babu, nikuulize. Kwenye video, mbona hukumeza?"

"Ni mila yetu. Hubariki kwa kupuliza."

"Najua. Ulinieleza." Alikuwa akizungusha chupa ya maji ya dukani mezani. "Mimi nimetazama video ile mara nyingi kwa sababu ya insha. Kuna mahali nainua kikombe. Umeona? Nakiinua mpaka mdomoni." Akaisimamisha chupa. "Mimi pia sikunywa."

Juu yetu mashine ya kusukuma tope ilikuwa ikinguruma.

"Nilimwomba baba tupeleke maji yakapimwe," akasema. "Akasema ngoja. Wakala naye akasema ngoja mpaka viza itoke, kwa sababu chuo kikiuliza na tukawa na karatasi mbaya, hadithi imekufa. Babu, wewe unafikiri ni mabaya?"

Ilikuwa mara ya pili ananiuliza juu ya maji yale, na alikuwa ameniuliza kama mtu anayeomba msaada wa kuwa jasiri.

"Nenda kasome," nikamwambia. "Mambo ya huku tutayaangalia sisi."

Aliniamkia shikamoo, nikaitikia marahaba, akaondoka na gari la baba yake. Miezi ikapita. Siku moja simu yangu ilipokea ujumbe wake kwa Kiswahili alichojifunza kwetu, maneno matatu tu: Babu, bado wanakunywa? Nilianza kujibu mara nyingi. Mbele yangu, kutoka barazani, niliweza kuona foleni.

Hadithi ya binti ilifanikiwa kupita alivyotarajia wakala mwenyewe. Wazazi wengine, tuliambiwa, walipoona video ile walisema hicho ndicho wanachokitaka, piano haina maana tena. Basi wakala akaja mwenyewe. Alikuwa mwanamke mdogo mwenye kofia pana, akifuatana na kijana mrefu wa Kichina ambaye hakuwa amewahi kukaa nasi hata wiki, pamoja na mkalimani, Mtanzania aliyesomea Uchina. Mpango ulikuwa kisima kilekile kipakwe rangi mpya, kiwekewe kibao kipya, na kijana asimame pale alipokuwa amesimama binti. Bosi alikubali. Plenti ilikuwa imeongezewa tangi, na ada ya Uingereza haikuwa na mwisho.

Akina mama waliitwa wavae vizuri. Mkwe wangu alikuja naye, kwa sababu kila aliyekuja alipewa khanga. Tumbo lilikuwa limeshajitokeza wazi. Alisimama upande wangu wa kushoto, nyuma kidogo, ameinamisha macho kama kawaida, na kwa kuwa yeye ndiye wa nyumba yangu, kata ya kibuyu ilikuwa mikononi mwake. Ndiye aliyechota. Ndiye aliyenyoosha kata bila kunitazama.

Nilikuwa nimejiandaa kupuliza. Nakiri hivyo. Nilikuwa nimevaa koti la kaka yangu.

Wakala akasema kitu. Mkalimani akacheka kwa adabu. "Mzee, samahani. Safari hii wanaomba usiyateme. Wazazi wengi waliotazama ile ya kwanza waliuliza kwa nini babu anatema maji. Kwao inaonekana vibaya, kama vile maji si mazuri. Wanaomba uyanywe. Umeze, halafu ucheke."

Akina mama wakaangua kicheko.

"Kumbe Wachina nao wana macho!"

"Kunywa, guku! Au unaogopa kuoga tumboni?"

"Mpeni na soda atelemshie!"

Nilishika kata kwa mikono yote miwili. Maji yalikuwa safi ukiyatazama. Niliona koti langu ndani yake na anga nyuma ya kichwa changu. Nikainua mpaka mdomoni, midomo ikagusa, na ile harufu ya msumari ikanipanda puani. Kamera ilikuwa inatazama. Nilijiambia ni funda moja tu, watu hawa wamekunywa ndoo na ndoo, mzee wa umri wangu ana nini cha kupoteza. Nilitaka kumeza. Nataka hilo lijulikane. Koo likakataa kama mbuzi wanavyokataa.

Kicheko kilipungua, kisha kikaisha.

"Guku," akasema mama mmoja, mwenye watoto wadogo, na sauti yake haikuwa tena ya utani. "Kunywa."

Niliteremsha kata. Maji yakamwagikia viatu vyangu. Mkalimani alianza kusema tunaweza kurudia, hakuna shida. Hakuna aliyemsikiliza. Wale wanawake wanaponda mawe ya dhahabu tangu utoto, wanajua kutambua jiwe tupu kwa kulitazama tu, na walikuwa wananitazama mimi.

"Hata ile siku," nikasema. "Hata ile siku sikumeza. Nilijua mahali hapa ni pabaya. Niliulizwa, nikasema pazuri."

Mama yule aliinua ndoo yake iliyokuwa imejaa, akaimwaga chini pale pale, mbele ya kiatu cha wakala. Wa pili akamwaga. Wengine walibaki wameshika ndoo zao bila kujua la kufanya, maana nyumbani hakukuwa na maji mengine. Bosi, aliyekuwa amesimama kivulini mwa gari, aligeuka akaanza kupanda kuelekea plenti, mgongo wake umekunjika. Kijana wa Kichina alikuwa anauliza swali kwa Kichina na hakuna aliyemjibu.

Jioni ile nilikwenda kwa mtendaji wa kijiji na kusema yote, na kesho yake chupa ya maji yale ilichukuliwa kwenda kupimwa. Majibu bado tunayasubiri. Mpini wa pampu umefungwa kwa waya, na asubuhi nikiamka waya huo wakati mwingine naukuta umefunguliwa, kwa sababu mlima ni mrefu na jua ni kali. Binti nimemjibu. Nilimwandikia kwamba baadhi wameacha.

Lakini jambo lililobaki nami ni la pale kisimani, kabla watu hawajatawanyika. Niligeuka nimrudishie mkwe wangu kata. Alikuwa amekaza mkono mmoja chini ya tumbo lake, na alikuwa ameinua uso. Sikuwa nimewahi kuyaona macho yake. Ni macho makubwa, yana rangi ya kahawia, na yalikuwa juu yangu moja kwa moja, mbele ya kijiji kizima, bila mbuzi wala ukuta kati yetu.

"Baba," akasema, "nimeyanywa tangu mwezi wa kwanza wa tumbo hili. Mtoto atakuwaje?"

Nilikuwa mzee aliyesoma, nikatafuta neno. Nikainamisha macho yangu chini, kama mkwe, nikayaacha pale.